Msiba wa Kidawa Aliye Hai

Wenye mabinti sogeeni karibu. Wasio nao kaeni hapo hapo mlipo, sauti itawafikia.

Ilikuwako nchi moja iitwayo Jamhuri ya Mbeleko, mbali sana na hapa, kwa hiyo asitokee mtu wa kuguna na kusema anaijua. Nchi nzuri, yenye amani, yenye bendi ya taifa na matamko mengi. Humo aliishi mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Kidawa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona sare za shule, na ya pili ilikuwa kuwa na wasiwasi. Hii ya pili ndiyo aliyoifanya kwa bidii zaidi. Kidawa akikohoa, mama anachemsha tangawizi. Kidawa asipokohoa, mama anajiuliza kulikoni leo mtoto hakohoi. Hata Kidawa alipoolewa na Sefu, dereva wa malori ya masafa marefu, mama alikuwa akienda kwake kila asubuhi kumtazama tu kama bado yupo.

"Nipo, mama," Kidawa anasema akiwa bado kitandani.

"Najua upo. Nimepita tu."

Basi Kidawa akashika mimba ya kwanza, na wasiwasi wa mama ukapata ajira ya kudumu.

Na ulikuwa na sababu. Zamani Mbeleko ilikuwa na sheria fupi mno kuhusu mambo hayo: mwanamke ambaye mimba yake inamletea maangamizi aende kwa daktari, na watakaloamua wawili hao ndilo. Basi. Ilikuwa fupi hivi kwamba wakunga waliijua kwa kichwa, na hakuna wakili aliyewahi kupata mlo kwa ajili yake. Jambo hilo liliwaudhi wakubwa. Majaji wakakaa, wazee watupu, ambao uchungu mkubwa waliowahi kuupata maishani ni wa jino, wakaifuta. Mkuu wao akasema kwenye redio kwamba sheria isiyohitaji kutafsiriwa ni dharau kwa watu waliosoma. Wanaume wakaandamana mjini kulipongeza tumbo, wakiwa wametanguliza ya kwao.

Ikaundwa Wizara ya Matumbo. Waziri wake, Mheshimiwa Gwao, alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila tumbo lenye mimba ni eneo la serikali, na mwenye tumbo ni mlinzi wa muda. Wakaajiriwa maofisa wa kuzunguka mitaani, wakaitwa Mabwana Tumbo, wamevaa kofia za kijani. Bwana Tumbo akikutana na mjamzito hamsalimii yeye. Anasimama wima, anapiga saluti, anaiambia mimba, "Shikamoo, Mwananchi Mtarajiwa." Siku moja sokoni Mama Kidawa, kwa kuwa alilelewa kwa adabu na hakupenda salamu ipotee hewani, aliitikia "Marahaba" kwa niaba ya tumbo la mwanawe. Alionywa kwa kosa la kujifanya raia ambaye hajazaliwa.

Msichana wa shule aliyepewa mimba na mwalimu alipata cheti cha pongezi, na mwalimu akapata uhamisho.

Na kwa kuwa hospitalini walizoea kusema "tunamsafisha" pale mimba inapoharibika, neno lenyewe lilipigwa marufuku. Wafagizi wa hospitali kuu waliweka fagio chini wakisubiri ufafanuzi. Kiwanda cha sabuni kikabadilisha matangazo yake, kikasema sabuni yao inakaribisha weupe.

*

Mimba ya Kidawa ilikuwa haijafika hata nusu, asubuhi moja mama alipopita kutazama kama yupo, akamkuta amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, khanga imelowa.

"Mama," Kidawa alisema, "leo sipo vizuri."

Wakafika hospitalini kwa bajaji. Wakapokelewa na Daktari Lukelo, kijana mwema, mpole, aliyesimama mbali na kitanda na mikono yake miwili mifukoni. Hakuwa na kiburi. Ndiyo ilikuwa amri: daktari akiwa karibu na mjamzito, mikono mfukoni, na makoti yao yalikuwa yameshonwa upya yakapewa mifuko mirefu mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mwanangu ana nini?"

"Chupa imepasuka kabla ya wakati. Maji yote yamekwisha, damu inatoka, na homa inapanda. Mimba hii haitapona, mama, hata tufanye nini. Yeye atapona akisa..." Daktari akatazama mlangoni. "Akinadhifishwa."

"Basi mnadhifishe."

"Nitafungwa. Moyo wa mtoto bado unapiga, kidogo kidogo. Siruhusiwi kutoa mikono mpaka Kamati ithibitishe kwamba Kidawa yuko karibu kufa."

"Karibu kiasi gani?"

"Sheria haikusema."

"Je, akifa kabisa?"

Daktari Lukelo akainamisha kichwa. "Akifa hakuna kizuizi. Sheria inamtaja mjamzito aliye hai. Aliyekufa ni wa kwetu, tunaruhusiwa kumshughulikia vyovyote."

"Yaani akiwa mzima humgusi, akishakufa unamtibu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Nisamehe."

Mama Kidawa alimtazama mwanawe, akaona midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hofu, na alishangaa kugundua kwamba ni vitu viwili tofauti kabisa.

*

Kamati ya Kuthibitisha Kukaribia Kufa ilifika wodini ikiwa na kikundi cha ngoma. Mbeleko hakuna kikao kisicho na ngoma wala mgeni rasmi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mjumbe wa kwanza alikuwa mpima ardhi, aliyeteuliwa kwa uzoefu wake wa mipaka. Wa pili alikuwa mwimbaji wa bendi ya chama. Mwanamke hakuwemo hata mmoja, ili kuepuka upendeleo.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Mwenyekiti, kisha akawataja wote waliohudhuria, mmoja mmoja, na waliotuma udhuru, na waliokuwa wangependa kuja.

"Mama," Kidawa alinong'ona, "hawa kina nani?"

"Ni serikali, mwanangu."

"Waambie wapunguze ngoma."

Mwenyekiti akainama juu ya kitanda. "Mama mjamzito, una lolote la kuiambia Kamati?"

"Naomba maji."

"Ieleweke kwamba ameomba maji," Mwenyekiti aliwageukia wenzake. "Mtu anayekaribia kufa haombi. Anausia."

Mpima ardhi akatoa futi kamba yake ndefu, akampa mwimbaji ashike ncha moja pale kitandani, akatoka nje akiivuta mpaka mlango wa chumba cha maiti, karibu na jiko. Akarudi akihema. "Ni mbali, Mwenyekiti. Na njiani kuna kona."

Mama Kidawa akapiga magoti mbele ya Mwenyekiti. Akamwambia baba yangu, mtazame mikono, imepoa, huku kichwa kinawaka. Mwenyekiti alimwinua kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mama, tunakuelewa sana. Sisi sote tuna mama. Mgonjwa anakaribia, hilo hatulikatai. Ila anakaribia kwa mwendo usioridhisha. Tutaonana kesho baada ya chai."

Ngoma ikawasindikiza mpaka getini.

Nesi Hilda, aliyekuwa zamu, akamshika Mama Kidawa mkono. "Nenda kamletee uji na khanga kavu. Mimi sibanduki hapa. Niachie namba yako."

*

Mama Kidawa alifika nyumbani kwake, akafungua mlango, akaona cherehani na juu yake kile kikofia cha mtoto alichokuwa anakishona. Akakaa kizingitini akalia, tena si kwa sauti kubwa, kilio cha mtu ambaye hataki kusumbua.

Lakini jirani yake alikuwa Bi Chausiku, na Bi Chausiku alisikia.

Sasa lazima mwijue desturi ya Mbeleko. Huko, kilio kikisikika, watu hawaulizi. Kuuliza nani amekufa kabla hujatandika mkeka ni ukosefu mkubwa wa adabu, ni kama kusema kwamba maiti wengine unawalia na wengine huwalii. Unakuja, unatandika, unalia, na jina la marehemu utalijua mbele ya safari. Bi Chausiku alitupa mwiko, akafunga khanga kiunoni, akatoa ukelele mmoja ulioteremka mtaa mzima hadi kwenye mashine ya kusaga.

Dakika hiyo hiyo mikeka ikaanza kuja. Wanaume wakakata kuni. Sufuria la mtaa likatolewa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Bwana Nyembo, mkodisha maturubai, akafika na spika na turubai lake, na vijana wake wakalisimamisha mbele ya nyumba kwa kasi ambayo zimamoto ya Mbeleko haijawahi kuifikia.

"Jamani," alisema Mama Kidawa, "Kidawa wangu..."

"Kidawa," Bi Chausiku aliwaambia wenzake kwa sauti iliyovunjika, na jina likapita mikekani mpaka nyuma. "Ni Kidawa. Na ile mimba."

"Hajafa, Bi Chausiku. Yuko hospitali."

"Najua, shoga yangu. Wote tunasema hivyo siku ya kwanza." Akamkumbatia akamgandamiza kichwa kifuani, na maneno yote yaliyofuata yakaishia kwenye khanga.

Mama Kidawa aliinuka mara kadhaa aende hospitali, kila mara akakalishwa. Mfiwa hatembei. Aliomba aletewe uji wa kumpelekea mgonjwa, wakatazamana, mmoja akafuta machozi akasema, "Masikini, akili imeshahama."

*

Mheshimiwa Gwao alikuwa mtaa wa pili akizindua choo cha umma. Na Mheshimiwa huyo hakuwahi kupita penye turubai na spika bila kusimama. Akaja na msafara, na redio ya taifa ikaja na waya zake, akapewa kiti chenye mto. Akamshika Mama Kidawa mkono kwa mikono yake miwili.

Mama akaona hii ndiyo nafasi. "Mheshimiwa, mwanangu yuko hai."

"Yu hai," Mheshimiwa alisema kwa huzuni, "mioyoni mwetu."

"Yuko wodi ya kina mama, kitanda cha dirishani."

"Naam. Ametangulia tu chumba kingine."

Wanawake wakaangua kilio upya kwa utamu wa maneno hayo. Mheshimiwa akashika kipaza sauti, akakigonga mara mbili.

"Ndugu wafiwa. Msiba huu umenigusa mimi binafsi na Wizara yangu. Marehemu Kidawa alikuwa mlinzi hodari wa tumbo la taifa. Angeweza kutapatapa. Angeweza kuwashawishi madaktari. Hakufanya hivyo. Ametutoka, lakini hajavunja sheria. Ni wangapi kati yetu tutakaoweza kusema hivyo? Ninawaagiza mabinti wote waige mfano wake."

Watu wakapiga makofi, kisha wakakumbuka ni msiba wakayageuza kuwa kilio.

"Kwa mamlaka niliyopewa," alimalizia, "natamka rasmi kwamba Kidawa amefariki dunia, kuanzia sasa. Tamko hili halina mjadala."

Na Mbeleko, tamko la waziri likishapita kwenye kipaza sauti, halibadilishwi na mtu yeyote, hata na ukweli, mpaka yeye mwenyewe atamke lingine.

Mama Kidawa akahisi dunia inageuka chini ya mkeka. Mwanawe yuko kule anaomba maji, na hapa wanagawana zamu za kuchimba kaburi. Ndipo simu yake ikalia ndani ya pindo la khanga. Akajifunika kichwa kama anayelia, akapokea.

"Mama Kidawa, ni Hilda," sauti ilinong'ona. "Ni wewe uliyepanga hayo yaliyosemwa redioni?"

"Mwanangu Hilda, mimi sikupanga, nimejitahidi kuwaambia..."

"Usiwaambie. Sikia. Daktari alikuwa anasikiliza. Waziri aliposema amefariki, daktari alisimama kidogo, kisha akatoa mikono mifukoni. Kwa mujibu wa serikali Kidawa ni maiti, kwa hiyo anaruhusiwa. Sasa hivi yuko naye chumba cha upasuaji. Anasema mlie. Mlie kwa nguvu, na Waziri asibanduke hapo wala asisikie lolote mpaka amalize, maana akitengua tamko, daktari atalazimika kurudisha mikono."

Mama Kidawa akazima simu.

Mwanamke yule aliyekuwa tangu mkeka wa kwanza akihangaika kuuzima msiba, akasimama katikati ya mikeka, akavua kilemba, akatoa kilio ambacho Bi Chausiku mwenyewe, kwa ufundi wake wote, alikiri baadaye kwamba hakuwahi kukisikia. Akamlilia Kidawa kwa jina la utotoni. Akajirusha miguuni pa Mheshimiwa akavikumbatia viatu na soksi. Mheshimiwa, aliyekuwa ameshanyanyuka aende, akalazimika kuketi tena, maana redio ilikuwa hewani.

"Msimwache Mheshimiwa aondoke hajala," alilia Mama Kidawa. "Kidawa alimpenda sana. Ongezeni mchele."

Wakaongeza mchele. Wakaongeza nyama. Mheshimiwa akahutubia tena, akaeleza historia ya Wizara, akaeleza utoto wake. Kila alipokohoa kama anayetaka kuhitimisha, Mama Kidawa alilia, "Baba, sema tena yale ya mwanzo," na baba akasema tena.

Simu ikalia. Akajifunika.

"Tayari," alisema Hilda. "Homa inashuka. Amefungua macho. Anauliza uji wake uko wapi."

Hapo Mama Kidawa alilia kweli, na kwa ajabu ndicho kilio pekee ambacho hakikusikika.

*

Sefu, mume wa Kidawa, aliusikia msiba redioni akiwa mpakani. Alirudi akiendesha kama kichaa, akaingia chumbani akamkuta marehemu anakunywa uji. Alizimia, ikabidi marehemu ampepee.

Kidawa akapona, ingawa kisheria hakupona. Bwana Tumbo akikutana naye haoni kitu. Akiombwa mchango wa harusi anasema samahani, mimi ni marehemu. Siku moja Mheshimiwa Gwao alimpita sokoni uso kwa uso, akasimama, akakunja paji, akamwambia, "Binti, unafanana sana na mtu niliyemzika. Pole."

Habari haikukaa. Mwanamke alimwambia mwenzake kisimani, mwenzake akamwambia dada yake. Muda si mrefu, binti akizidiwa na mimba, au mtoto wa shule akiwa nayo bila kuitaka, kwao wanasimamisha turubai kwanza. Viongozi wanakuja mbio kwa sababu ya spika, wanatamka, na hospitalini madaktari wanatoa mikono. Katika miezi hiyo wanawake wa Mbeleko walikufa kwa wingi sana na wakarudi nyumbani wakiwa na njaa.

Wizara ikashituka. Lakini Mheshimiwa angetenguaje? Kukiri kwamba alimtamka mtu aliye hai kungemaliza thamani ya matamko yote. Wataalamu wake wakampa busara: asitengue, aratibu. Ukatoka Mwongozo, kwamba kifo chochote hakitatambuliwa na serikali isipokuwa kimetamkwa chini ya turubai lenye vipimo vilivyoidhinishwa. Yaliyoidhinishwa yalikuwa ya Bwana Nyembo peke yake, maana alikuwa ameoa kwa kina Gwao. Akina mama wakaanza kupanga foleni kwa Bwana Nyembo, na Bwana Nyembo akawa anaahidi wiki ijayo.

Asubuhi moja Mama Kidawa akasikia kilio upande wa mashine ya kusaga. Akachukua mkeka, akamwita Kidawa, wakaenda. Mfiwa alikuwa Mama Zawena, muuza mihogo, na Zawena alikuwa binti yake wa darasa la mwisho, mwenye mimba. Mama Kidawa akatandika mkeka karibu yake, akamkonyeza kidogo, kama walivyozoea siku hizo, akamnong'oneza, "Daktari amefika wapi, shoga?"

Mama Zawena akamtazama.

"Turubai hatukulipata," alisema.

Mama Kidawa akainua macho. Kweli, juu yao hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa limesimama wima, na wanawake walikuwa wamekaa humo humo juani, na ndani, usawa wa mlango, kulikuwa na kitanda kilichofunikwa khanga mpya.

Bwana Tumbo alikuwa ameshafika. Alipiga hatua mpaka mlangoni, akatazama pembe zote za uwanja akitafuta turubai, hakuliona. Kwa mujibu wa Mwongozo, basi, hapakuwa na kifo. Akavuta kofia yake vizuri, akasimama wima mbele ya kitanda, akapiga saluti. "Shikamoo, Mwananchi Mtarajiwa," akasema, akangoja.

Kidawa ndiye aliyeanza kusimama. Akafungua khanga yake ya juu, akamkunjulia mama yake pindo moja, naye akashika lingine. Bi Chausiku akafungua yake, na wa nyuma yake, na wa nyuma yao, wakashikana pindo kwa pindo juu ya Mama Zawena mpaka kivuli kikamfunika, kikasogea, kikafika mlangoni.

Bwana Tumbo akageuka, akauliza kama lile ni turubai lililoidhinishwa. Hakuna aliyemjibu wala aliyemsukuma, kwa sababu mikono yote ilikuwa juu.